Kiwanja cha mteremkoni juu ya bahari, Mkoani: kinapimwaje kabla ya kujenga?

upande_wa_kusi

Assalaam alaykum. Naomba rai za wenye kujua udongo na ujenzi.

Kiwanja kipo wilaya ya Mkoani, Pemba, upande unaotazama bahari. Upana ni mita 20, na urefu wa kuteremka mita 25. Kwa kipimo cha mpira wa maji, kutoka mpaka wa juu hadi wa chini kinashuka mita 8. Chini ya mpaka kuna ukingo mkali wa mita 6, halafu mikoko michache na pwani. Maji ya bamvu (yanapojaa kuliko kawaida) yanafika kwenye kitako cha ukingo. Juu ya kiwanja kuna njia ya miguu na nyumba mbili za zamani zenye mashimo ya choo.

Shimo la mita 2 limeshachimbwa. Mita moja ya juu ni kichanga chekundu, chini yake kinamo (udongo wa mfinyanzi) cha kijivu chenye madoa mekundu, kigumu wakati wa kiangazi. Ndani ya kiwanja hakuna ufa hata mmoja. Ufa upo kwenye njia ya juu: umepinda, ncha zake mbili zimeelekea chini, upana wake sentimita 3 hadi 4, na upande wa chini umeshuka kidogo kuliko wa juu. Kwenye kitako cha ukingo maji hutoka wakati wa masika na huendelea mpaka Julai.

Nyumba ni ya mita 14 kwa 12, chini tu, haina ghorofa. Fundi anapendekeza kukata nyuma mita 2, udongo huohuo ujazwe mbele, na mbele usimamishwe ukuta wa mita 2 wa matofali ya inchi 6 na nguzo za zege. Mikarafuu mitatu itabidi iondoke.

Maswali mawili: ukuta huo unatosha? Na kabla ya kuomba kibali, kitu gani kipimwe?

---

kinamo_na_maji

Waalaykum salaam. Umeeleza vizuri kuliko wengi. Kwa bahati mbaya jibu kubwa limo ndani ya maelezo yako mwenyewe.

Ufa juu, chemchem chini, na katikati hakuna kitu. Watu wakiona kiwanja hakina ufa hufurahi. Lakini pande la udongo linaposogea lote kwa pamoja, hupasuka pale linapoachana na mlima na huvimba au kutoa maji pale linapotokea. Katikati hubaki zima, kwa sababu kila kitu kinakwenda pamoja. Ufa uliopinda wenye ncha zinazotazama chini, na upande wa chini umeshuka, si wa jua kukausha udongo. Nyufa za ukavu hutawanyika ovyo na hazina upande ulioshuka. Kwa hiyo dhana ya kuanza nayo ni kwamba kiwanja chako kipo juu ya pande linalosogea, mpaka vipimo vioneshe vingine.

Sasa hesabu, ili isionekane ni maneno ya kutisha. Mita 8 kwa 25 ni mwinamo wa karibu digrii 18. Tuseme kinamo kina pembe ya msuguano ya digrii 25, mshikamano wa kilopaskali 5, na uso wa kuteleza, yaani pale pande linapoteleza juu ya udongo usiosogea, upo mita 3 chini. Ukigawa nguvu zinazoshika kwa nguvu zinazosukuma, unapata takriban:

– udongo mkavu: 1.75
– maji yamefika nusu ya kina (mita 1.5 chini ya ardhi): 1.35
– maji yamefika juu kabisa: 0.95

Chini ya 1 maana yake unaondoka. Kwa makaazi ya kudumu wahandisi hutaka 1.5. Namba za udongo nimezikisia na maabara ndiyo itakayosema za kweli. Pia kinamo ambacho kimeshawahi kuteleza huwa na msuguano mdogo zaidi ya huo. Lakini angalia tofauti baina ya mstari wa kwanza na wa tatu: mwinamo ni uleule, udongo uleule, kilichobadilika ni maji tu. Ndiyo maana mteremko unaosimama miaka ishirini huondoka baada ya siku tatu za mvua za masika, na ndiyo maana kuupima Februari tu, ardhi ikiwa kavu, hakukuambii kitu cha maana.

Mpango wa fundi nao unafanya mambo matatu kwa mkupuo mmoja. Kukata mita 2 nyuma kunaondoa kinachoegemewa na udongo wa juu, pamoja na zile nyumba mbili. Kujaza mbele kunaongeza uzito: kabari ya mita 6 kwa mita 1.9 kwa urefu wa mita 14 ni mita za ujazo 80, yaani kama tani 145, na uzito huo unakaa karibu na ukingo. Na kung'oa mikarafuu kunaondoa mizizi. Hili la mwisho watu hulidharau kwa sababu halionekani mwaka huohuo. Mizizi ya mti uliokatwa huoza taratibu na nguvu yake hupungua miaka inayofuata, kwa hiyo nyumba huwa imeshahamiwa ndipo udongo unapobaki peke yake. Mikarafuu kwanza haikatwi bila kibali, kwa hiyo hilo litakuja mezani mapema.

Ukuta hautoshi. Lakini hata ukuta mzuri hausaidii ikiwa uso wa kuteleza unapita chini ya msingi wake. Unaondoka nao.

---

mshindilizi

Nakubaliana na hapo juu kwa sehemu kubwa, ila niongeze la ukuta, maana watu watasoma hapa kwa ajili ya viwanja vingine ambavyo havina ufa.

Ukuta wa tofali la inchi 6 kuzuia udongo wa mita 2 ni kosa hata kwenye kiwanja kizuri. Udongo mkavu nyuma ya ukuta wa mita 2 husukuma kwa kama tani 1.2 kwa kila mita moja ya urefu. Maji yakijaa nyuma yake, msukumo unafika tani 2.5. Kwa mita 14 hizo ni tani 35. Kuta nyingi tunazoziona zimebinuka zilikuwa na nondo za kutosha. Kilichokosekana ni njia ya maji kutoka.

Ukuta wa mawe unaosimama kwa uzito wake, wa mita 2, kitako chake kiwe baina ya mita 1.1 na 1.3, na msingi uingie angalau nusu mita kwenye tabaka gumu, si kwenye kifusi. Nyuma yake wekeni kokoto safi unene wa sentimita 30 kuanzia chini hadi karibu na juu, zitenganishwe na udongo kwa kitambaa cha kuchujia. Bila kitambaa kinamo kitaziba kokoto ndani ya misimu michache. Paipu za inchi 3 zipite ukutani kila mita 1.5, zinamie nje kidogo, safu ya chini iwe juu tu ya ardhi ya mbele. Sentimita 30 za juu kabisa zifunikwe kwa kinamo kilichoshindiliwa ili maji ya mvua yasiingie moja kwa moja kwenye kokoto. Mawe ya matumbawe yanafaa yakiwa magumu. Yale laini yanayomomonyoka kwa ukucha yaacheni.

Kujaza: kwanza mteremko ukatwe vidato vya upana wa mita moja au zaidi, kila kidato kiname kidogo kwa ndani. Kifusi kinachomwagwa juu ya majani na udongo wa juu kitateleza palepale kilipokutana na majani. Kila tabaka lisizidi sentimita 20 kabla ya kushindiliwa. Kumwaga gari tatu na kupitisha maji juu ili "kifusi kishuke" si kushindilia, na kwenye mteremko ni hatari.

Na anayekata asikate urefu wote kwa siku moja. Kata mita 3 au 4, jenga, ruka, kata nyingine. Muda ni Juni hadi Septemba, wakati wa kipupwe. Kuanzia mwisho wa Februari si wakati wa kufungua mlima.

---

mpita_njia77

Jamani tusiogopeshane. Pemba ina vilima tu, kilima kirefu kabisa hakifiki hata mita 100. Maporomoko ni mambo ya Hanang huko.

---

kinamo_na_maji

Ndugu yangu, la Katesh la Disemba 2023 lilikuwa tope lililoshuka kutoka mlima Hanang kwa kasi, likabeba mawe na miti na kuua watu wengi. Ni aina moja ya maporomoko. Pande la kinamo la mita 3 kwenda chini halihitaji mlima mrefu. Linahitaji mwinamo, maji, na kitu kinacholika kitakoni. Pemba ina vilima vilivyokatwa na mabonde mengi, matabaka ya mchanga juu ya kinamo, na mvua kubwa kuliko Unguja. Maji hupita mchangani kwa urahisi, yakifika kwenye kinamo yanakwama na kutembea juu yake. Madoa mekundu kwenye kinamo cha kijivu aliyoyataja muulizaji ni alama ya udongo unaoloa na kukauka kila mwaka. Na ile chemchem inayotoka mpaka Julai inasema maji hubaki ndani ya mlima miezi miwili baada ya masika kuisha.

Aina hii huwa inakwenda polepole, sentimita kwa msimu, halafu siku moja mita. Mara nyingi haiui, ila nyumba hupasuka na milango hukataa kufunga.

---

upande_wa_kusi

Ahsanteni sana. Nyongeza mbili. Kwanza, kiwanja hiki ni kimoja kati ya sita vilivyopimwa kwa safu kwenye mteremko uleule, vyote ukubwa kama huu, na wengine wameshaanza kupeleka matofali. Pili, fundi mwingine anasema badala ya kujaza, nyumba inyanyuliwe mbele kwa nguzo za zege, mteremko ubaki kama ulivyo. Hiyo vipi?

---

mpaka_na_ramani

Hili la viwanja sita lingetajwa mwanzo, kwa sababu linabadilisha swali. Mtu mmoja mmoja akipeleka ombi lake, kila nyumba itaonekana ndogo. Athari zinajumlishwa.

Chukua maji machafu peke yake. Nyumba ya watu 8, kila mmoja lita 80 kwa siku, ni lita 640. Nyumba sita ni lita 3,840 kila siku. Viwanja sita vya mita 20 kwa 25 ni mita za mraba 3,000. Lita hizo zote zikiingia ardhini kwa mashimo ya kufyonza, ni sawa na kuongeza mvua ya kama milimita 467 kwa mwaka juu ya mteremko huo, na mvua hii haina kiangazi. Ukirudi kwenye ile hesabu ya 1.75, 1.35 na 0.95, utaona mradi wenyewe unasukuma upande gani.

Halafu mapaa. Paa la nyumba ile, pamoja na baraza, tuseme mita za mraba 190. Mvua ya milimita 100 kwa siku moja inatoa lita 19,000. Yakimwagika kwenye kona nne za nyumba yanachimba, na yakielekezwa kwa jirani wa chini yanahamisha tatizo pamoja na ugomvi.

Kwa hiyo tathmini isimamie mteremko mzima kuanzia kilele mpaka mstari wa maji kupwa, na upana wake uvuke viwanja vyote sita kwa angalau mita 30 kila upande. Mpaka wa kiwanja ni wa karatasi na udongo haujui. Kitu cha kwanza ni ramani ya kutembea kwa mguu, ifanywe mwisho wa masika: nyufa, vidato, minazi iliyoinama halafu ikasimama tena, sehemu zenye majani mabichi wakati pengine pamekauka, visima na kina chake, kila shimo la choo, kila bomba la maji linalovuja. Picha za zamani za setilaiti kwenye Google Earth zitakuonesha ukingo ulikuwa wapi miaka ya nyuma na mikoko ilikuwa mingapi. Mikoko ikiondoka, mawimbi ya bamvu yanakula kitako, na kitako ndicho kinachoshika yote yaliyo juu.

Umbali kutoka ukingoni: hapa wengi hunukuu mita 60. Hiyo imo kwenye sheria ya mazingira ya bara ya 2004. Mazingira si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria yake ya 2015, kwa hiyo kipimo cha kisheria kichukuliwe kwa maandishi kutoka mamlaka ya mazingira ya hapa. Kwa upande wa uhandisi, kanuni za ujenzi za IBC zinazotumika Marekani zinataka msingi ukae nyuma ya ukingo kwa theluthi ya kimo chake, isizidi mita 12. Ukingo ukiwa mkali kuliko digrii 45, huanzi kupima kwenye mdomo wake. Unachora mstari wa digrii 45 kutoka kitakoni na kuanzia pale unapotokea juu. Ukingo wa mita 6 wenye mwinamo wa digrii 65, mstari huo, ardhi ya juu ikiwa tambarare, unatokea mita 3.2 nyuma ya mdomo, ongeza mita 2, jumla mita 5.2. Na hicho ni kiwango cha chini kwa ukingo uliotulia. Wenu unaliwa na bahari, kwa hiyo jumlisha na kile kitakacholiwa katika umri wa nyumba.

Kwenye baraza linalotoa vibali peleka ombi la kutaka viwanja vyote sita vitathminiwe pamoja kabla kibali chochote hakijatoka. Sheha ajulishwe kwa maandishi, siyo mdomo, na nakala ya ramani ya nyufa iambatanishwe. Wenye zile nyumba mbili za juu waitwe pia. Wao ndio watakaoanza kupasukiwa kuta mkikata chini yao, na wao ndio wenye mashimo yanayolowesha kiwanja chenu.

---

mshindilizi

Nguzo ni bora kuliko kujaza, hakuna ubishi. Unapunguza tani 145, mikarafuu miwili mitatu inaweza kubaki, na maji yanapita chini. Nyumba pia inaweza kukatwa vipande viwili vya mita 6, kimoja juu ya kingine, kila kimoja kifuate ardhi yake.

---

kinamo_na_maji

Kwa kiwanja chenye udongo uliotulia, ndiyo. Kwa hiki, nguzo zenye msingi wa mita moja zimesimama juu ya pande lilelile. Pande likisogea sentimita 10, nguzo za mbele na za nyuma hazisogei sawa, na mihimili inapasuka pale inapokutana na nguzo. Ili nguzo zishike, zipite uso wa kuteleza na kuingia kwenye udongo usiosogea kwa kina cha maana, na zisukwe kwa nondo za kubeba msukumo wa ubavuni. Gharama hiyo hufika mahali kiwanja kingine kinakuwa rahisi.

Mpangilio ninaoupendekeza ni huu, na mpaka uishe asipeleke mtu tofali.

Usijenge mwaka huu. Pitisheni masika moja mkipima. Piga vigingi vya nondo viwili viwili kila upande wa ufa, jozi tatu: katikati na kwenye ncha mbili. Pima umbali wa kila jozi kila wiki, na kila baada ya mvua kubwa, kwa milimita, ukaandike. Ufa wenyewe uzibwe kwa kinamo kilichoshindiliwa ili maji yasiingie moja kwa moja, usizibwe kwa zege. Zege litaachana na udongo na kuficha kinachoendelea.

Mashimo ya keekee ya mkono matatu kwenye mstari mmoja: moja juu ya njia, moja katikati, moja karibu na ukingo, kina cha mita 5 au 6. Sampuli zitolewe kila nusu mita na kila udongo unapobadilika, kisha maabara ipime kikomo cha uowevu na cha ufinyangikaji (unyevu ambao udongo huanza kuwa tope, na ule ambao huanza kufinyangika), na nguvu ya kukatika kwa udongo uliolowa. Vunja madonge ya kinamo kwa mkono. Ukikuta uso laini unaong'aa wenye mikwaruzo ya kwenda upande mmoja, hapo udongo umeshawahi kuteleza, andika kina chake. Na shimo la kuchimba kwa jembe lisilo na mbao za kuzuia kuta, mtu asiingie likizidi mita 1.2. Kinamo kikavu kinachoonekana imara kikianguka huanguka donge zima.

Ndani ya kila shimo weka paipu ya plastiki ya inchi 2. Mita moja ya chini itobolewe matundu ya milimita 4 au 5, ivishwe kitambaa, na pembeni yake ijazwe mchanga wa chenga kubwa. Nusu mita ya juu iwe sementi au kinamo, la sivyo utapima maji ya mvua yaliyoteremka pembeni ya paipu. Kifuniko chenye tundu dogo la hewa. Maji yakibaki kina cha zaidi ya mita 2 kutoka juu ya ardhi masika nzima, mazungumzo yanaendelea. Yakipanda hadi nusu mita kutoka juu ya ardhi, hata mitaro ya kokoto ya kina cha mita 2 au 3 haitatosha bila kuondoa yale mashimo ya choo ya juu na kuyapeleka maji kwa paipu mpaka pwani.

Mwongozo wa Australia wa 2007 kuhusu maporomoko unapendekeza kwa mteremko mpya wa makaazi uwezekano wa mtu mmoja kupoteza maisha usizidi moja kwa 100,000 kwa mwaka, na moja kwa 10,000 kwa mteremko uliokuwepo. Si sheria yetu, lakini inasaidia kuuliza swali sahihi: si "nyumba itaanguka?", bali ni nani amelala upande gani wakati mvua inapiga usiku.

---

upande_wa_kusi

Nimeelewa. Kujaza tumeacha, na matofali nitawaomba wenzangu wasubiri. Swali dogo la mwisho: uso wa kuteleza unajuliwaje upo kina gani, ikiwa kwenye sampuli hatukuona huo uso unaong'aa?

---

kinamo_na_maji

Paipu zilezile zitakwambia. Chukua kipande cha paipu ya chuma cha nusu mita kinachopita ndani ya paipu ya plastiki kwa nafasi ndogo tu, ukifunge kamba. Siku ya kuweka, kishushe mpaka chini uhakikishe kinapita. Kisha kila mwezi kishushe tena. Pande likisogea, paipu inapinda, na chuma kinakwama: hapo umepata mpaka wa juu wa sehemu inayokatika. Kipande cha pili kiachwe chini kabisa tangu mwanzo na kamba yake itokeze juu. Kikivutwa kikakwama, umepata mpaka wa chini. Kikipita juu na chini msimu mzima na vigingi vya ufa havijasogea, leta namba hizo kwa mhandisi pamoja na za maabara. Kikikwama mita 3 kwenye shimo la katikati, hakuna ukuta wa mita 2 wa kuzungumzia.

Paipu ziingie ardhini kabla ya katikati ya Februari, ili upate usomaji wa ukavu wa kulinganishia.